Mstari wa Bibi: Miaka Thelathini na Minne ya Daktari Ngaire Corkill

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne, Daktari Ngaire Corkill, mkuu wa kitengo cha kifafa katika Hospitali ya Puketea, hapa Auckland, anastaafu Alhamisi hii, tarehe thelathini Aprili. Kamati ya sherehe imetukabidhi sisi wanafunzi wa udaktari heshima ya kuandika wasifu wake, kwa sharti moja: tusiigeuze programu ya sherehe kuwa mkutano wa hadhara. Tutajitahidi. Hatuahidi.

Kwa jamaa na wageni wasioijua kazi yake, tuanze hapo. Mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa kumtuliza degedege hulazwa katika kitengo chake. Visahani vidogo vya chuma hubandikwa kichwani mwake kwa gundi, na kwa siku kadhaa mfululizo mawimbi ya ubongo wake hupita kwenye skrini huku kamera ikimtazama kitandani. Swali ni moja: degedege linaanzia wapi? Likianzia mahali pamoja, na mahali hapo panaweza kuondolewa bila kumharibia mtu usemi wala mkono, daktari wa upasuaji huitwa. Likianzia mahali pawili, upasuaji haumfai kitu. Ukiziba huku, linazuka kule. Anayesoma mawimbi hayo na kutoa kauli ndiye Daktari Ngaire.

Ndugu zangu, pimeni uzito wa kauli hiyo. Mgonjwa aliyepasuliwa pasipostahili anaonekana: ana kovu, ana jamaa, ana wakili. Mgonjwa aliyenyimwa upasuaji aliostahili haonekani na mtu. Anarudi nyumbani na vidonge vyake, anaendelea kuanguka jikoni na barabarani, na hakuna kikao kinachoitishwa kwa ajili yake. Daktari Ngaire ametumia maisha yake ya kazi akimwogopa huyu wa pili, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya awe daktari tunayemuaga leo.

Alizaliwa Gore, kusini kabisa mwa nchi hii, binti wa mkata manyoya ya kondoo, na hadi leo herufi "r" kinywani mwake huviringika kama gari kwenye kokoto. Alisomea Dunedin, akaja Puketea wakati mashine zilipokuwa bado zinachora mawimbi kwa kalamu za wino kwenye karatasi ndefu isiyo na mwisho. Kalamu zile zilirusha wino. Katika picha za harusi ya dada yake, msimamizi wa bibi harusi anaonekana ana mkono mmoja wa buluu hadi kwenye kiwiko, na huyo ni yeye.

Wazee wa kitengo wanapenda kisa cha dereva wa winchi kutoka Manurewa, aliyekatazwa kula kabla ya kipimo. Daktari Ngaire, akiwa chumba cha pili mbele ya skrini, aliyatazama mawimbi kwa muda, akainuka, akafungua mlango na kuuliza, "Hizo chipsi ni za ladha gani?" Jamaa akaapa kwamba hajala chochote. "Misuli ya taya yako inasema umekula pakiti nzima," akajibu, "na kwa jinsi inavyosaga, sijui kama ulitafuna vizuri." Yule bwana akatoa pakiti ya pili chini ya mto, akamkaribisha.

Alikuwa pia mkaidi, na tunalisema kwa sifa. Uongozi ulipopendekeza kupunguza siku za kulaza wagonjwa wa kifafa ili vitanda vizunguke haraka, aliuliza kikaoni kama degedege nalo limepelekewa ratiba mpya. Pendekezo halikurudi tena. Tungeweza kuendelea hivi hadi keki iishe, kwa maana visa ni vingi. Lakini kipo kimoja ambacho bila hicho hatujamuaga mtu, tumeaga cheo tu.

Miaka saba iliyopita alilazwa kitengoni Lupe Vaipulu, mtoto wa kike wa miaka mitatu kutoka Ōtāhuhu. Degedege lilimpata mara nyingi kwa siku, tangu uchanga, na dawa za kila namna zilikuwa zimejaribiwa. Kilichowatisha wazazi wake zaidi ni maneno. Lupe alikuwa ameshajifunza kusema, kisha maneno yakaanza kumtoka moja baada ya jingine. Alikuwa akisema "ndege", akaacha. Alikuwa akisema "maji", akaacha. Alipofika kwetu, neno alilokuwa na uhakika nalo ni "hapana", na alilitumia ipasavyo. Kila mwezi uliopita bila upasuaji ulikuwa unaondoka na kitu chake.

Wazazi walifanya kazi za zamu, kwa hiyo aliyekaa naye ni bibi yake, Salote, mzaliwa wa visiwa vya Tonga. Alikuja na mkeka, kitabu cha nyimbo za kanisani na blanketi zito linaloweza kufunika familia. Kamera hakuipenda. Kila Lupe alipolala mchana, Bibi Salote alijilaza ubavuni mwake, katikati ya mtoto na lile jicho la ukutani, akaweka mgongo wake kama pazia. Wauguzi walimwacha kwa heshima.

Rekodi ilionyesha chanzo cha kwanza bila ubishi: upande wa kushoto, mbele, palepale ambapo picha za ubongo zilionyesha kikunjo kisicho cha kawaida. Timu ikaanza kutabasamu. Kisha kikajitokeza cha pili. Kila mchana, Lupe aliposinzia, mawimbi mapana yenye mapigo sawasawa yalizuka upande wa kulia, nyuma. Yalikuja, yakadumu, yakapungua kasi, yakakoma. Daktari Ngaire alitazama picha ya kamera ya wakati uleule. Aliona mgongo wa bibi, blanketi na utulivu. Sauti ilikuwa imezimwa, maana familia iliomba isirekodiwe ikisali. Akaandika katika taarifa yake kwamba kuwepo kwa chanzo cha pili ni dhahiri.

Kikao cha Jumanne, kinachoamua nani apasuliwe, kilichukua muda mfupi. Vyanzo viwili, pande mbili, hakuna upasuaji. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Praveen Maharaj, ambaye asili yake ni Suva na ambaye hana mazoea ya kunyamaza, siku hiyo alikusanya karatasi zake akatoka. Daktari Ngaire hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kumwambia bibi.

Visahani vilikuwa bado kichwani mwa Lupe vikisubiri kubanduliwa, na skrini pembeni mwa kitanda ilikuwa inaendelea kuonyesha mawimbi. Alieleza. Bibi Salote alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mmekataa."

"Hatujakataa, Mama. Linaanzia sehemu mbili. Tukitoa moja, nyingine inabaki palepale."

"Daktari, hiyo 'hatujakataa' yako na 'nendeni nyumbani' zinapanda basi moja."

Lupe, aliyechoshwa na gundi, na wageni, na kila kitu, akaanza kulia. Bibi akajilaza ubavuni mwake kama kawaida, akavuta blanketi, akaanza wimbo wa chinichini. Daktari akainuka ili awaache. Ndipo akaona skrini. Upande wa kulia, nyuma, yale mawimbi yalikuwa yanapanda.

Bibi Salote akakohoa. Mawimbi yakakatika. Kikohozi kikaisha, wimbo ukaendelea, na mawimbi yakarudi.

"Mama," akasema Daktari Ngaire, "usiache. Endelea kumpiga."

Bibi akainua kichwa kama aliyemwagiwa maji. "Kumpiga? Nani anampiga? Mimi simpigi mjukuu wangu, namlaza!"

"Samahani, samahani. Huo mkono ulio ndani ya blanketi. Endelea nao."

"Huu mkono umelaza watoto saba na wajukuu siwahesabu, hakuna aliyewahi kulalamika."

"Na mimi silalamiki. Hebu acha kidogo."

"Niendelee au niache? Amua, Daktari, mtoto anasinzia."

"Acha."

Mkono ukatulia. Upande wa kulia wa skrini ukatulia nao.

"Sasa endelea. Una wimbo wa haraka zaidi?"

"Wa harusi ninao."

"Nipe wa harusi."

Bibi akaimba wa harusi, kiganja kikaufuata wimbo mgongoni mwa mtoto, na mawimbi yakaanza kukimbia kwenye skrini. Muuguzi aliyekuwa akitazama kutoka chumba cha pili akaja mbio, viatu vikilia sakafuni. "Daktari! Degedege?"

"Hapana," akasema Daktari Ngaire, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Harusi."

Chanzo cha pili hakikuwa ndani ya ubongo wa Lupe. Kiganja cha bibi kilipogusa mgongo, mwili mdogo ulitikisika, kichwa kikasugua mto, na visahani vya nyuma, upande wa kulia, vikauandika msuguano huo kwa uaminifu wote wa mashine isiyojua kuuliza.

Swali linalotuunguza sisi wanafunzi ni hili: kwa nini hakuna aliyesema? Mkono ule ulionekana kila siku ukitikisa blanketi! Wauguzi waliuona wakileta dawa. Mfagiaji aliuona. Na nusu ya wauguzi wa wodi ile ni watu wa visiwani, waliolazwa usingizi namna ileile na bibi zao, na wanaowalaza watoto wao vivyo hivyo. Kumwandikia daktari kwamba bibi anamgusagusa mtoto mgongoni ni sawa na kumwandikia kwamba mtoto anapumua. Jambo lilikuwa la kawaida mno hata likawa halionekani. Chuo kinatufundisha miaka mingi kusoma mawimbi. Ni nani anayetufundisha kusoma chumba? Ni nani anayetufundisha kwamba nyuma ya kila mstari kuna kitanda, na juu ya kitanda kuna watu wenye mazoea yao? Tunaiomba kamati ituvumilie. Tumemaliza. Au tuseme, tunakaribia.

Kugundua kulikuwa kwepesi. Kazi yenyewe ilikuwa Jumanne iliyofuata, maana mwenye kauli iliyomfungia Lupe mlango alikuwa yeye mwenyewe. Angeweza kuagiza kipimo kingine kimyakimya na kusema kwamba hali imebadilika. Watu wakubwa huwa wanafanya hivyo, na hakuna anayewauliza. Yeye alisimama mbele ya kikao kizima, akaionyesha rekodi ya harusi, akasema, "Niliandika 'dhahiri' juu ya kitu ambacho sikukiuliza. Nilichokiita chanzo cha pili ni mkono wa bibi yake. Naomba kesi ifunguliwe upya."

Daktari Praveen alijiegemeza kitini. "Ngaire, wiki iliyopita ulituambia ni dhahiri. Leo unatuambia ni harusi. Wiki ijayo itakuwa nini, msiba?"

"Wiki ijayo itakuwa rekodi mpya, na wewe utaisoma kabla yangu."

"Na nikisema bado naona vyanzo viwili?"

"Nitakaa chini."

"Wewe? Ukae chini?" Kikao kizima kikacheka, naye akacheka nao. Kisha Praveen akaacha kucheka. "Unajua nikifungua fuvu nikakuta tulikosea, sitaweza kulifunga tukawa kama tulivyokuwa. Pale mbele kushoto ni jirani na usemi wake. Hayo maneno machache aliyobaki nayo naweza kuyaondoa mimi."

"Najua. Na tusipofungua, yanaondoka yenyewe."

Rekodi mpya haikuwa rahisi kupatikana. Mpango wa kwanza ulikuwa Lupe alale bila kuguswa. Lupe alielezwa mpango huo, akasema "hapana", na akabaki macho makavu mchana kutwa huku kitengo kizima kikipiga miayo. Ndipo Daktari Ngaire alipochukua kisahani kimoja, akakibandika kwenye kifundo cha mkono wa Bibi Salote, na kukipa mstari wake peke yake chini kabisa ya skrini.

"Sasa na mimi nina kifafa?" bibi akauliza, akiutazama mkono wake.

"Wewe una mkono, Mama. Tunataka tujue uko wapi kila sekunde."

"Marehemu mume wangu alitaka jambo hilohilo. Hakufanikiwa."

Safari hii rekodi ilizungumza kwa ukamilifu. Mahali mstari wa bibi ulipopiga, mawimbi ya kulia yalipiga nao. Mahali mkono ulipopumzika na mtoto akaendelea kulala, upande wa kulia ulikuwa shwari kama wa mtoto yeyote aliyelala. Upande wa kushoto, mbele, cheche za chanzo cha kwanza ziliendelea, mkono ukiwepo au usipokuwepo. Daktari Praveen alijifungia na rekodi hiyo peke yake. Alipotoka alisema, "Cha kwanza ni changu. Cha pili mpelekeeni mchungaji."

Upasuaji ulifanyika. Eneo lile lenye kikunjo liliondolewa, na degedege halikuja siku hiyo, wala siku iliyofuata. Lakini Lupe hakusema neno. Alitazama, alikula, alishika vidole vya watu. Kinywa kilibaki kimya. Hata lile "hapana" halikusikika. Wale waliokuwepo wanasema Daktari Ngaire alifika wodini mapema kuliko kawaida kila siku, akasimama mlangoni, akamsalimia Bibi Salote kwa kichwa tu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza anasubiri nini. Praveen naye alipita mara kwa mara akisingizia kuangalia mshono.

Wiki ya pili, muuguzi alipomletea kijiko cha dawa, Lupe aligeuza uso. "Hapana, Bibi," akasema. "Chungu."

Hilo la mwisho hakuwahi kulisema kabla. Lilikuwa neno jipya. Daktari Praveen alipopata habari alikuja wodini, akaionja dawa ile kwa ncha ya ulimi, akatangaza mbele ya wote kwamba uchunguzi wa mgonjwa ni sahihi.

Hatutaki kupamba. Degedege lilimrudia Lupe mara mbili katika mwaka wa kwanza, na bado anameza dawa kila asubuhi. Kusoma kunamchukua muda kuliko wenzake. Lakini maneno yalirudi, "ndege" na "maji" na mengine ambayo bibi yake anasema heri yasingerudi, na ni miaka sita sasa tangu degedege la mwisho.

Kitengo nacho hakikubaki kilivyokuwa. Tangu wakati ule, rekodi ya kila mtoto mdogo ina mstari wa ziada kwa ajili ya mkono wa yeyote anayemlaza. Kwenye skrini unaitwa "bibi", hata anayelaza akiwa baba mwenye ndevu. Mara nyingi tumesikia, "Yaani mimi ndiye bibi?" na jibu la Daktari Ngaire, "Leo ndiyo, bwana." Sauti haizimwi bila mtu kuketi chumbani badala yake. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa rekodi kabla hajakaa kando ya kitanda na kuwasikiliza wenye kitanda. Na neno "dhahiri" limepigwa marufuku katika taarifa zote. Anayeliandika huwachemshia chai wafanyakazi wote wa zamu. Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa mtunga sheria, aliyejihukumu kwa kosa la nyuma. Anayeongoza kwa idadi ya chai ni Daktari Praveen, na chai yake ni mbaya.

Kwa miaka yote hii Lupe hakuruhusiwa kuingia kwenye bwawa la shule bila mtu mzima wa kumshika majini, maana degedege moja ndani ya maji linatosha. Wenzake walishindana, yeye akitembezwa kwenye kina kifupi kama mtumbwi wa kuazima. Februari mwaka huu, baada ya kipimo kingine na mashauriano marefu na wazazi, Daktari Ngaire alisema inatosha. Mwalimu akae ukingoni, mtoto aogelee. Siku ya kwanza Bibi Salote alipiga simu kitengoni kutoka kando ya bwawa. Daktari Ngaire alikuwa katikati ya kutufundisha. Alisikiliza, akasahau kwamba sauti ya simu iko juu na kwamba tunasikia kila kitu.

"Ameingia, Daktari. Peke yake."

"Anafanya nini?"

"Anaogelea, sasa unataka afanye nini majini, apike?"

"Amefika upande wa pili?"

Zikasikika kelele za watoto.

"Amefika. Amegusa ukuta. Amegeuka, anarudi. Ee Bwana, anarudi!"

"Mama, unalia?"

"Nani analia? Hii dawa wanayoweka kwenye maji inauma macho. Na wewe je?"

"Hapa hakuna bwawa," akasema Daktari Ngaire, akatugeuzia mgongo, na somo likaahirishwa.

Daktari Ngaire, tunakushukuru kwa kila kitanda ulichokaa kando yake, na zaidi kwa siku uliyosimama mbele ya wenzako na kuifuta kauli yako ili mtoto mmoja afunguliwe mlango. Wengi wanatufundisha jinsi ya kuwa sahihi. Wewe umetuonyesha namna daktari anavyokosea na kubaki daktari. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, asubuhi zisizo na haraka, na watu wa kukupenda kila upande. Ishi vyema, mwalimu wetu. Huko bwawani, Lupe ameshaanza kuwapita wavulana.